Kwa nini mama yangu msomi alikataa mjukuu mwenye degedege achomwe sindano?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa sekondari, naishi Kibaha. Mwanangu wa miaka mitatu anakaa na bibi yake, mama yangu mzazi, huko Rufiji. Mwezi wa nne mtoto alipandisha homa usiku, macho yakageuka juu, akakakamaa, mikono ikawa inatupika. Mama akasema ni degedege, na degedege halichomwi sindano. Akamfukiza usiku kucha. Asubuhi jirani ndiye aliyekodi bodaboda wakampeleka kituo cha afya. Alikutwa na malaria kali, akachomwa artesunate, sindano ya malaria kali, akapona.

Nilidhani mama ameona kwa macho yake na mambo yameisha. Wiki iliyopita nikamsikia akimwambia shangazi kwamba mtoto alipona kwa sababu alikuwa ameshafukizwa, ndiyo maana sindano haikumdhuru. Daktari, mama si mjinga. Amekuwa karani wa mahakama miaka 26, anasoma gazeti kila siku, hesabu zangu za kwanza alinifundisha yeye. Nimempa takwimu, nimemwonyesha video, nimemletea hata tabibu wa kituo nyumbani. Kila nikiongeza ushahidi ananitazama kama mtoto aliyekosa adabu. Kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hapokei jambo jipya hata likimtokea mbele ya macho? Na nifanyeje, maana mtoto bado yuko kwake?

(Kaka yangu wa kwanza alifariki 1987 kabla sijazaliwa. Nasikia naye ilikuwa homa, lakini kwetu hilo halizungumzwi.)

JIBU

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeianzia mwisho, kwa sababu nitakayokueleza nikifika huko.

Kwanza la haraka. Homa ikipanda tena na mtoto akakakamaa, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asitiwe kijiko, kidole wala dawa mdomoni, asikandamizwe ili asitikisike, na safari ya kituo cha afya ianze hapo hapo hata kama ameshatulia. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja. Usingoje mama abadili mawazo ndipo upange usafiri. Jirani yule aliyekodi bodaboda mwachie nauli ya akiba leo, na mama ajue kwamba umemwachia. Usifanye kwa kificho. Mengine ninayokuandikia hapa ni kazi ya miezi, hiyo ni kazi ya dakika.

Sasa swali lako. Unasema mama ameshindwa kupokea jambo jipya. Hebu rudia ile kauli aliyomwambia shangazi. Amekubali kwamba mtoto alichomwa sindano na akapona. Hakukana, hakusema tabibu amedanganya. Jambo jipya amelipokea, kisha akalitafutia pa kukaa katika nyumba iliyokwisha kujaa: sindano haikudhuru kwa kuwa moshi ulitangulia. Karani wa mahakama huyo. Ushahidi mpya ameuingiza kwenye jalada na hukumu ameiacha ilivyokuwa.

Ili kujua kwa nini, inabidi tuitazame nyumba yenyewe ilivyojengwa, na hapo nitakaa kidogo.

Degedege kwa watu wa pwani ni zaidi ya jina la kutetemeka. Ndani ya jina hilo mna maelezo kamili: wapo wanaosema ni dege au nondo apitaye usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto anashikwa, wapo wanaosema ni shetani. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jambo ambalo sisi wa wodini tulikuwa tukilisikia kila baada ya masika: kwa watu wengi homa ya malaria na degedege ni magonjwa mawili tofauti. Homa ni ya hospitali. Degedege ni la fundi, angalau kwa kuanzia. Mtoto afukizwe kinyesi cha tembo, aogeshwe dawa za majani, amwagiwe mkojo, na likishatulia ndipo apelekwe kwa madaktari. Sindano kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa ni kifo.

Angalia vizuri hapo, mwalimu. Watu hawa hawaichukii sindano. Mama yule yule anayemficha mtoto wa degedege, akiumwa mgongo atakuja hospitali na kudai sindano, ukimpa vidonge anaondoka akinung'unika kwamba hakutibiwa. Hawaikatai hospitali pia, kwa maana homa wanaileta wenyewe. Wanaikataa sindano moja, kwa ugonjwa mmoja, kwa wakati mmoja. Imani inayochagua kiasi hicho huwa kuna kitu iliwahi kukiona. Miaka mingi sikulijua hilo, nikawa nawagombeza akina mama mlangoni mwa wodi, na sijui ni wangapi waliokwenda kuwaambia wenzao wasije.

Iliona nini? Kutetemeka kwa mtoto mwenye homa kuna sababu zaidi ya moja. Kuna degedege la homa tu, linalowapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Hilo mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika chache, mtoto akalala, akaamka akiomba uji. Na kuna malaria iliyopanda ubongoni, ambayo ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa kwanza akifukizwa, anapona. Angepona pia kama bibi angekaa kando akasoma dua peke yake. Lakini aliyeshika chetezo ameona kwa macho yake: nimefukiza, katulia.

Mtoto wa pili naye anafukizwa. Hatulii. Anafukizwa tena, anaogeshwa, anaitwa fundi mwingine. Siku ya pili au ya tatu anapokelewa wodini hajitambui, sukari ya damu imeshuka, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia. Anachomwa sindano, na usiku ule ule anakata roho. Bibi aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi ameona nini? Ameona sindano, kisha ameona kifo, na kati yake hakuna kingine.

Hata aliyewahi kufika hakuwa na uhakika. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2010 ulifuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Muheza hapa kwetu na wa Kilifi nchini Kenya. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesunate asilimia 8.5. Takwimu hizo ndizo zilizotufanya tuiweke kwinini pembeni, na kwa daktari wa watoto ni ushindi wa kusimulia wajukuu. Sasa zisome ukiwa umekaa kwenye lile benchi. Karibu mtoto mmoja kwa kila kumi, ndani ya hospitali zilizokuwa zikifuatilia kila dozi, alifariki akiwa ameshachomwa sindano.

Basi panga safu mbili. Kwenye safu ya moshi wamo wale wepesi, na wengi wamepona. Kwenye safu ya sindano wamo mahututi, na wengi wamekufa. Yeyote aliyeishi Rufiji miaka ya 1980 akihesabu kwa uaminifu angefikia jibu alilolifikia mama yako. Hesabu yake haina kosa la kujumlisha. Hakupata tu mtu wa kumwambia kwamba waliokuwa kwenye safu hizi mbili hawakuwa wagonjwa wa aina moja.

Jambo hilo hilo lilitukuta tena mwaka 2001, Tanzania ilipoacha klorokwini, dawa ya malaria ya siku zote, na kuingia SP, vidonge vya sulfadoxine na pyrimethamine. Klorokwini ilikuwa imechoka, vimelea vimeizoea, lakini ilikuwa na tabia moja: ilishusha joto la mwili haraka, hata pale vimelea vilipobaki hai. SP iliua vimelea ila joto haikuligusa moja kwa moja. Wazazi wakawa wanarudi kesho yake: dawa yenu hii haifanyi kazi, mtoto bado wa moto, nipeni ile ya kuwasha, yaani klorokwini. Sisi tukazungumza usugu wa vimelea, wao wakazungumza kiganja kilichowekwa kwenye paji la uso. Ilipokuja dawa mseto mwishoni mwa 2006, ambayo hushusha homa mapema, sikuona ubishi wa namna ile. Naamini dawa mseto haikupokelewa vizuri kwa sababu tulielimisha vizuri zaidi. Ilipokelewa kwa sababu ilijibu swali ambalo kiganja cha mama kilikuwa kikiuliza tangu zamani.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachukua wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Wote wakasomeshwa tafiti mbili zilezile, moja ikionyesha kwamba adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha haipunguzi. Ungetarajia kila upande usogee kidogo katikati. Kila upande uliuona utafiti unaokubaliana nao kuwa umefanywa vizuri na ule mwingine kuwa una matundu, na mwishowe wakasema wanaamini zaidi kuliko walipoanza. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell alilieleza kwa maneno ambayo nimeyatumia miaka yote: jambo tunalolipenda tunalikaribisha kwa swali la "je, naweza kuliamini?", na tusilolipenda tunalizuia mlangoni kwa swali la "je, nalazimika kuliamini?" Swali la kwanza karibu kila mara lina ndiyo. La pili karibu kila mara lina hapana, kwa sababu hakuna ushahidi usio na tundu la kutorokea. Na mtu aliyezoea kusoma majalada ya kesi miaka 26 matundu anayaona upesi kuliko wewe na mimi.

Ukiishia hapa utadhani ninamzungumzia mama yako na wanakijiji wenzake. Nina la kwangu la kueleza.

Nilipofundishwa kutibu watoto, na nilipowafundisha wengine, kulikuwa na jambo lisilohitaji mjadala. Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, ukimbonyeza kucha damu inachelewa kurudi: huyo mpe dripu ya maji mengi kwa haraka, ndani ya saa ya kwanza. Vitabu vilisema hivyo, walimu wangu walisema hivyo, na macho yangu yalisema hivyo, kwa maana nilikuwa nayaona mapigo yakirudi na vidole vikipata joto chini ya mkono wangu. Sikuwahi kuuliza kama ni kweli. Niliuliza tu mbona dripu zimekwisha stoo.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wa hali hiyo hiyo. Waliokuwa wakiharisha au wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hilo usilisahau, maana mtoto anayeharisha maji ni uhai wake. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa dripu ya haraka yenye albumini (protini ya damu), asilimia 10.5 ya waliopewa ya maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka hata kidogo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Dripu niliyoililia stoo ilikuwa inaongeza vifo, kama watoto watatu zaidi katika kila mia. Na mapigo niliyoyaona yakirudi yalikuwa kweli: katika utafiti huo huo, kwenye saa ya kwanza waliopewa maji walionekana nafuu kuliko wenzao. Vifo vilikuja baadaye, zamu nyingine, mbele ya macho ya mtu mwingine.

Nilifanya nini siku niliyoyasoma? Nilichukua kalamu nikaanza kutafuta kasoro. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria, basi huenda hayawahusu wengine. Wengi walikuwa na upungufu wa damu. Hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia. Wenzangu kwenye mikutano walikuwa wakisema hayo hayo, Nairobi na Ulaya pia. Majibu yalikuwamo ndani ya ripoti yenyewe, kurasa chache mbele: waligawa watoto kwa malaria, kwa damu, kwa kila namna, na hawakupata kundi lililonufaika na maji ya haraka. Nilikuwa nimeziruka kurasa hizo. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo niliendelea kuandika dripu zile zile, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe ulikuja kusahihishwa waziwazi mwaka 2016.

Siku moja daktari kijana aliyekuwa mazoezini kwetu, tukiwa kwenye kitanda cha mtoto, alinisikiliza nikiorodhesha kasoro za utafiti ule, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kama matokeo yangekuwa kinyume, kwamba dripu inaokoa, kasoro hizi ungeziona?" Sikumjibu. Nilimaliza kuzunguka wodi, nikaenda kukaa ofisini. Jibu nililijua. Ningeukumbatia siku ile ile na kuubandika ukutani.

Baadaye nikaja kugundua kwamba swali la kijana yule lina historia. Mwaka 1984 Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walirudia jaribio lao la adhabu ya kifo wakiwa na maelekezo ya aina mbili. Kundi moja liliambiwa: pimeni kwa haki, bila upendeleo, kama majaji. Haikusaidia kitu, kwa sababu kila mtu tayari alijiona ni jaji wa haki. Kundi jingine liliambiwa: kila hatua jiulize kama ungeupima utafiti huo vilevile endapo ungeleta matokeo ya upande wa pili. Hao upendeleo wao ulipungua. Ndiyo maana simwombi tena mtu yeyote "awe na mawazo huru". Neno hilo linamtukana bila kumwonyesha pa kushika.

Kwa hiyo nikirudi kwako. Usiache kumweleza mama ukweli. Kulikuwa na hofu, tangu tafiti za Brendan Nyhan na Jason Reifler za 2010, kwamba ukimsahihisha mtu ndipo anashikilia zaidi. Thomas Wood na Ethan Porter wakalipima kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, na matokeo waliyoyachapisha 2019 yalionyesha kuwa jambo hilo ni adimu sana. Kwa kawaida ukweli humsogeza mtu, ila kidogo kidogo, na hasogei mbele za watu. Tatizo la takwimu zako silioni kwenye takwimu. Ulizileta kama mwalimu, ukamleta na tabibu sebuleni kwake, na yeye akabaki na njia mbili tu: akubali kwamba alikaribia kumuua mjukuu wake, au akutazame kama mtoto asiye na adabu. Wewe ungechagua ipi?

Ningeanza na mlango ambao tayari uko ndani ya nyumba yake. Kumbuka: katika imani ile ile, homa ni ya hospitali. Mama hana ubishi na hilo hata kidogo. Degedege la malaria halianzi hewani. Kabla yake huwa kuna homa, mara nyingine ya saa chache, mara nyingine ya siku moja mbili. Basi makubaliano yenu yawe juu ya homa. Mtoto akiwa wa moto, siku hiyo hiyo apelekwe, atobolewe kidole kwa kipimo cha haraka, akikutwa na malaria aanze dawa mseto. Hapo hujamgusa dege wala shetani wala sindano, na umeziba njia ambayo degedege linapitia. Mwachie yeye kadi ya kliniki na kipimajoto, awe ndiye anayeamua kwamba sasa twende. Chandarua kama kimechanika, kibadilishe ukienda.

Hivi utaniuliza: kwa nini nisiitumie tu ile nadharia yake, nimwambie afukize kisha sindano ifuate? Nimewahi kuwasikia wahudumu wakifanya hivyo na nia yao ilikuwa njema. Mimi silipendi, kwa sababu moshi ukiwa sharti la sindano, siku dawa za kufukiza zikichelewa kupatikana mtoto anangoja, na saa hizo ndizo zinazoua. Dua asome, hirizi kama anayo aivae, hayo hayacheleweshi safari wala hayaingii mapafuni. Moshi katika chumba kilichofungwa, na dawa ya kunyweshwa mtoto asiyejitambua, hapo simama imara kwa heshima yote.

Na ile hesabu ya safu mbili, mwonyeshe. Usimpe mhadhara. Mpe karatasi. Mwambie: mama, wewe umekaa hapa miaka yote, hebu tuandike watoto wote unaowakumbuka walioshikwa na degedege, nani alifukizwa, nani alichomwa, alikuwa katika hali gani alipoondoka nyumbani, ilikuwa siku ya ngapi. Mwache ashike kalamu yeye, kazi ya kuandika mashauri anaijua. Safu ya siku ndiyo itakayozungumza. Kisha mtafute jirani wa rika lake, mwanamke mwenziwe anayemheshimu, ambaye mjukuu wake alichomwa siku ya kwanza bila kufukizwa akapona. Mmoja tu wa hivyo, akija kukaa jamvini na kunywa chai, atafika mahali ambapo tabibu niliyekuwa mimi wa miaka ile asingefika.

Nimebakiza ile mistari uliyoiweka kwenye mabano.

Mtoto wake wa kwanza, 1987, homa, na nyumba nzima haimtaji. Sijui yaliyotokea na sitabuni. Lakini nimekaa na akina mama wengi wa umri wake, na kila nilipouliza "ulimwona nani?" mara nyingi lilikuja jina la mtoto wa tumboni mwake mwenyewe. Kama kaka yako alichomwa akafa, basi unapomwambia mama kwamba sindano huokoa, yeye anasikia swali jingine ambalo hujaliuliza: kwamba wangu basi alikufa kwa kuwa nilimchelewesha. Imani kwamba sindano ndiyo iliyoua imemlinda na swali hilo miaka karibu 40. Wewe unamwomba aiachie bila kumpa cha kushika.

Nenda Rufiji bila takwimu. Kaa naye jioni, mtoto akiwa amelala, umuulize habari za kaka yako, alikuwa anaitwa nani, alifanana na nani, ile homa ilianzaje. Usimkatize wala usisahihishe neno.

Akifika mahali akakuuliza, "ningemuwahisha angepona?", usikimbilie kumfariji kwa uongo. Mwambie nilivyokuandikia mimi. Mwaka 1987 artesunate haikuwepo katika zahanati zetu. Dawa iliyotumika zaidi ilikuwa klorokwini, na vimelea sugu kwa klorokwini vilikuwa vimeshaonekana Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Watoto walioletwa siku ya kwanza, kwa baiskeli, na mama zao wakikimbia kando, tuliwapokea na tuliwapoteza tukiwa tumewashika mikononi. Mimi nilikuwepo. Hakuna daktari anayeweza kumwambia kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua, na mimi simwambii hivyo. Dawa tuliyokuwa nayo siku zile siyo iliyomponya mjukuu wake mwezi wa nne.

Kisha mwache anyamaze muda anaoutaka. Ukirudi Kibaha, niandikie aliitwa nani.